Kijiti Kinapita Wapi? Mtoto Anayegoma Kupimwa Pua na Koo

Alikuwa ameikumbatia nguzo ya veranda kwa mikono yote miwili na mguu mmoja, kama mtu anayeogopa kusombwa na maji. Miaka sita hivi, shati la shule bado mwilini, ndala moja imebaki kule alikoanzia mbio. Mama yake anamvuta, bibi anambembeleza kwa Kisukuma, nesi amesimama mlangoni na glavu zake, anasubiri. Sisi wengine tulikuwa kwenye benchi nje ya maabara, hapa Mwanza, kila mtu na cheti chake mkononi na maoni yake mdomoni. Mzee mmoja akasema kile kijiti kinaingizwa mpaka kwenye ubongo, kaona kwenye simu. Mama aliyekaa pembeni yangu akasema si wampime malaria tu, homa ni homa. Bibi akaacha kubembeleza, akamgeukia nesi na swali ambalo naamini ndilo lililokuwa zito kuliko yote: "Sasa mnataka kumkata kimeo?"

Na mtoto anasikia yote hayo. Ubongo, kimeo, kukata. Ningekuwa mimi ningetafuta na nguzo ya pili.

Makala hii nimeiandika kwa ajili ya benchi lile. Maswali yale si ya kijinga hata moja, na mtu mzima asiyejua kijiti kinapita wapi hawezi kumtuliza mtoto, hata akijua kubembeleza namna gani. Mtoto hasikilizi maneno yetu sana, anatusoma usoni.

Sampuli, kwa lugha ya mwaloni

Sampuli ni kidogo kinachochukuliwa ili kisemee kingi. Mnunuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba hamwagi gunia zima chini. Anapenyeza mkono hadi katikati, anatoa konzi moja, anaangalia kama wa ndani ni wakavu kama wa juu. Konzi ile ndiyo sampuli. Akichota za juu tu, ameshadanganyika, na kosa si la dagaa. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Kwenye pua na koo, konzi yenyewe ni ute kidogo. Kinachouchota ni kijiti chembamba chenye nyuzi laini kichwani. Wahudumu wengi wanakiita swabu. Kinafanana na vile vijiti vya pamba vya masikioni, ila si ndugu wa karibu. Anapotafutwa kirusi, maabara haitaki kijiti cha mti chenye pamba ya kawaida, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kuvuruga kipimo. Hutumia nyuzi za viwandani kwenye kijiti cha plastiki. Kinakuja kimefungwa kwenye pakiti yake. Hakina sindano, hakina wembe, hakina dawa.

Sasa kwa nini wasichukue damu kidoleni wakamaliza? Kwa sababu kila kimelea kina makazi yake. Cha malaria kinaishi kwenye damu, ndiyo maana kidole kinatobolewa. Kichocho cha tumbo, ambacho watu wa kando ya ziwa na visiwani tumekizoea kuliko tunavyopenda, mayai yake hutafutwa kwenye choo, ndiyo maana mtu anapewa kikopo na kuelekezwa uani. Virusi vya mafua makali au vya UVIKO-19, na bakteria wanaoleta kifaduro, dondakoo na baadhi ya maumivu ya koo, wao wamejishikiza kwenye ngozi laini ya ndani ya pua na koo. Kuwatafuta kidoleni ni kutega nyavu za sangara kwenye pipa la maji ya bomba.

Yule mama wa "homa ni homa" hakukosea kabisa, maana kwetu huku malaria ipo na lazima ipimwe. Ila mtoto anaweza kuwa na malaria na bado akawa na jambo jingine kooni. Moja halimfukuzi mwenzake.

Safari ya kijiti

Wanaposema "kupima pua na koo" wanaweza kumaanisha safari tatu tofauti, na hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia.

Safari fupi ni ya mlangoni: kijiti kinaingia kiasi cha sentimita moja na nusu, kinazungushwa taratibu kwenye kuta za ndani za pua, tundu moja kisha la pili. Kinatekenya. Watoto wengi hupiga chafya, basi.

Safari ya kooni inapita mdomoni. Ulimi unakandamizwa kwa kibao chembamba, kijiti kinafuta haraka zile nyama mbili za pembeni tunazoziita tonsesi na ukuta wa nyuma ya koo. Ni sekunde chache. Mtoto atajisikia kama anataka kutapika, na hilo halimaanishi mhudumu amekosea. Koo limeumbwa kukataa kitu kigeni kinachoingia bila kumezwa.

Safari ndefu ndiyo iliyopewa jina baya. Kijiti kinapita puani mpaka pale pua inapokutana na koo. Hii ndiyo ile aliyoiona mzee kwenye simu, na nakiri kwamba ukiitazama kwa pembeni inatisha, kwa sababu kijiti kinazama, kinazama, na wewe unajiuliza kitatokea wapi.

Jaribu kitu kimoja. Unakumbuka siku uliyokuwa unakunywa maji mtu akakuchekesha, maji yakatokea puani? Yalipita barabara hiyohiyo, ila yenyewe yalikuwa yanatoka. Sakafu ya pua haipandi kuelekea machoni. Inakwenda nyuma, moja kwa moja, juu tu ya kaakaa, na inaishia nyuma ya kimeo. Tundu la nje linatudanganya kwa sababu limeelekea chini, hivyo tunadhani njia ya ndani inaelekea juu. Ubongo uko ghorofani, na kati ya pua na ghorofa hiyo kuna mfupa. Mhudumu aliyefundishwa hachomeki kijiti kwenda juu. Anakilaza sambamba na kaakaa na anasimama akihisi ukinzani. Umbali wake ni kama ule wa kutoka tundu la pua mpaka tundu la sikio, na kwa uso wa mtoto umbali huo ni mdogo. Weka kidole upime kwenye uso wa mwanao. Utaona ni mfupi kuliko hofu yako.

Tahadhari ya kweli ipo, nayo ni tofauti na ile ya mzee. Mtoto aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa pua au fuvu, anayetokwa damu puani mara kwa mara, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, mzazi aseme kabla pakiti haijafunguliwa. Na kuna mtoto ambaye koo lake halipaswi kuguswa kabisa nje ya hospitali yenye uwezo: mwenye homa kali, anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, anayevuta pumzi kwa sauti ya kukwaruza na kukaa ameinamia mbele ili apate hewa. Huyo njia yake ya hewa inaweza kuwa inaziba. Usimpanue mdomo kumchungulia kwa tochi ya simu. Mkimbize hospitali akiwa amekaa vilevile alivyochagua kukaa.

Kimeo hakiguswi

Swali la bibi linahitaji heshima, maana halikutoka hewani. Katika jamii nyingi za Tanzania, mtoto akikohoa muda mrefu, akitapika au akikosa kunenepa, kuna mtu atakayesema ana kimeo, na kuna mtu mtaani anayejulikana kwa kukikata. Kwa bibi wa aina hiyo, mtu mwenye glavu anayetaka kuona ndani ya koo la mjukuu wake ana kazi moja tu.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati nyuma ya mdomo. Kila mtu anacho. Kinasaidiana na kaakaa laini kufunga njia ya pua tunapomeza, na koo likivimba nacho kinaweza kuvimba pamoja nalo. Kukikata mtaani hakuponyi kikohozi. Kunaleta damu nyingi, maambukizi, hata pepopunda kama wembe ni mchafu. Kijiti cha maabara kinapita pembeni yake kwenda kwenye tonsesi na kurudi. Yule nesi, bila kubishana, alimwamkia bibi upya, akamwita mama, akamwonyesha pakiti: "Shikamoo tena mama. Tazama, hiki hapa. Hakikati kitu." Bibi akakipapasa juu ya plastiki kwa kidole gumba. Nadhani pale ndipo nusu ya kazi ilipoisha, maana mtoto alikuwa anamtazama bibi, si nesi.

Kwa nini kujisumbua na kipimo

Kwa sababu duka la dawa lipo mlangoni na amoksilini inauzwa. Mtoto koo linamuuma, mzazi ananunua vidonge, siku ya tatu ana nafuu, vinavyobaki vinawekwa juu ya kabati kusubiri koo jingine. Maumivu mengi ya koo kwa watoto yanatokana na virusi, na antibaiotiki haimwui kirusi. Mtoto angepona hata kwa uji na maji ya kutosha.

Lakini wapo wachache ambao koo lao lina bakteria anayeitwa streptokoka wa kundi A, hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Huyu akiachwa, mwili wa baadhi ya watoto unampiga vita kwa namna inayowarudia wenyewe: wiki chache baadaye viungo vinavimba na kuuma, na valvu za moyo zinaweza kupata makovu. Ndiyo homa ya rumatiki, na ndiyo inayowafanya vijana wa shule wahitaji upasuaji wa moyo kwa jambo lililoanza kama koo. Tiba yake ni ya kizamani na ya bei nafuu, penisilini: sindano moja ya ile inayodumu mwilini, au vidonge kwa siku 10 kamili. Ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inauwahi moyo. Zahanati nyingi hazina kipimo cha streptokoka, na mhudumu huamua kwa dalili. Palipo na kipimo, kijiti kinawatenganisha wale wengi na hawa wachache. Kwa sababu hiyohiyo usimpe mtoto antibaiotiki asubuhi ya kwenda kupimwa. Utawatawanya bakteria kabla ya kuhesabiwa, na jibu litakudanganya.

Baada ya hapo kijiti kina njia tatu za kusomwa. Ya haraka ni ya kikaratasi, kaka yake kipimo cha mimba: mistari inajitokeza ndani ya dakika kadhaa. Ya pili ni kuotesha. Ute unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria kilichochanganywa na damu ya kondoo, inaachwa kwenye joto siku moja au mbili kama kitalu cha nyanya, na streptokoka akiota anakula damu iliyomzunguka na kuacha kiduara cheupe. Ya tatu ni PCR, ambayo ni mashine ya fotokopi. Inachukua kipande kidogo cha vinasaba vya kirusi, inatoa nakala, kila nakala inatoa nyingine: 2, 4, 8, 16. Ikifika mara ya 30 nakala zimepita bilioni moja, na kitu ambacho hakikuonekana sasa kinaonekana. Sampuli ya aina hii husafiri kwenye kichupa chenye maji maalumu, mara nyingi ya rangi ya waridi, ndani ya boksi la barafu. Ikibidi iende maabara nyingine, hata Dar es Salaam, majibu yatachukua siku, na si kwamba kuna mtu ameyaficha.

Najua kuna msomaji anasubiri nitaje papai. Mei 2020, akiwa Chato, hapohapo kando ya ziwa letu, Rais Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kupimwa UVIKO-19 na nyingine zikatoka na majibu chanya. Tangu siku ile neno sampuli lina kicheko ndani yake. Sitafufua ubishi ule. Niseme tu kwamba fotokopi inatoa nakala ya chochote kilichoangukia kwenye kioo, kikiwamo kilichotoka mikononi mwa mtu au mezani, na kwamba kipimo kinathibitishwa kwa aina ya sampuli iliyokusudiwa. Mzazi akitaka kuuliza swali la maana kuhusu kipimo, aulize sampuli ilichukuliwaje.

Hapo turudi kwenye gunia la dagaa. Mtoto akirusha kichwa, kijiti kikagusa ulimi na shavu tu, maabara itapima ulimi na shavu. Jibu litaandikwa "hasi", na mzazi atasoma "hana ugonjwa", wakati maana yake ni "kwenye hiki mlicholeta, hatukuona kitu". Kwa hiyo utulivu wa mtoto ni sehemu ya kipimo chenyewe, sawa na kile kijiti na ile mashine. Nililijua hilo kwa kuchelewa.

Juisi ambayo haikununuliwa

Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Nilimwambia tunakwenda kununua juisi. Kituo sitakitaja, na kwa kweli kosa la kwanza lilikuwa langu. Alipoona glavu akanitazama, sijui nieleze vipi, kama anayeniuliza juisi iko wapi. Wakamlaza kitandani, mmoja akashika miguu, mwingine mikono, mimi nikaambiwa nishike kichwa. Hakuna aliyemwambia kitu. Kijiti kiliingia, mtoto akajinyonga kama kambare, kikatoka na damu kidogo. Majibu hasi. Mhudumu mwenyewe akakiri kwamba hakijafika panapotakiwa, turudi kesho. Kesho yake mtoto alianza kulia tukiwa bado Igoma kituoni, kwenye daladala, kabla hata ya kuona ukuta wa jengo.

Kabla ya uwongo wa siku ile kulikuwa na uwongo wa kila siku. "Nyamaza, la sivyo namwita daktari akuchome sindano." Nani hajaisema? Tunamtumia daktari kama tulivyokuwa tunamtumia zimwi, kisha siku ya kuumwa tunashangaa mtoto hataki kwenda kwa zimwi. Ukiacha kusema hivyo leo, hutaona faida yake leo.

Safari iliyofuata tulifanya tofauti, kwa maelekezo ya nesi mmoja mtu mzima ambaye nilimwomba tuzungumze kwanza nje. Asubuhi, si usiku uliotangulia, maana mtoto mdogo ukimwambia mapema unampa usiku mzima wa kutengeneza picha kichwani. Mkubwa wa miaka tisa, kumi, yeye anahitaji kujua jana yake. Nilimwambia: "Sista ataingiza kijiti puani. Kitakutekenya kwa ndani, hutakipenda. Macho yatatoa machozi yenyewe. Nitahesabu mpaka kumi, kinatoka, tunaondoka." Sikusema hakiumi. Akafikiri, akauliza, "Kumi ya haraka au ya polepole?" Nikamwambia hilo tukamuulize sista. Sista akasema ya haraka. Nyumbani alikuwa amekwishampima mdoli wa dada yake, pua na mdomo, kwa kijiti cha sikioni, kwa ukali ambao ningemfukuza mhudumu yeyote. (Kwenye mdoli tu. Puani mwake usimruhusu.)

Kisha mkao, na huu ndio ningependa kila mzazi aubebe kichwani. Mtoto halazwi. Unakaa kwenye kiti chenye egemeo, yeye anakaa mapajani mwako ameangalia mbele, mgongo wake kifuani kwako. Miguu yake unaiweka katikati ya mapaja yako. Mkono wako mmoja unamkumbatia juu ya mikono yake yote miwili. Kiganja cha mwingine kinakaa kwenye paji la uso, kikiegemeza kichwa kwenye bega lako, taratibu, si kwa kukaba. Kwa nje ni kumbatio, kwa ndani ni mkanda wa gari. Mtoto aliyelazwa chali na watu wazima watatu juu yake anaamini anavamiwa, na atapigana kama anayevamiwa. Kichanga unamviringisha kwa kitenge mikono ikiwa ndani, na ziwa linakuwa tayari kwa dakika inayofuata.

Mpe cha kuchagua, lakini kile tu ambacho kweli kiko mikononi mwake. Tundu lipi lianze? Akae kwa mama au kwa bibi? Video au wimbo? Usimuulize "uko tayari?" kama jibu la "hapana" hutalikubali, ni juisi nyingine hiyo. Sauti moja tu ndiyo iongee. Watu wanne wakisema "tulia, tulia" kwa pamoja, hakuna atakayetulia, hata mimi.

Kwa koo, asile mlo wa kushiba muda mfupi kabla, maana akitapika, chakula kitaruka juu ya glavu. Mwambie aseme "aaa" kwa nguvu, au aheme kama mbwa aliyekimbia. Mdomo unafunguka na nyuma kunapata nafasi. Kwa pua, apenge kamasi kwanza kama zimejaa, kisha kijiti kikiingia apulize taratibu kwa mdomo kama anapoza uji. Mtoto mwenye usonji, au anayeogopa kuguswa, mtaarifu mhudumu tangu dirishani. Kusubiri nje badala ya kwenye msongamano, na kuingia pakiwa patulivu, kunabadilisha mengi.

Na akikataa kabisa? Simamisheni. Dakika tano za kutoka nje na kunywa maji ni nafuu kuliko kurudia kesho. Uliza kama safari fupi ya mlangoni inatosha kwa kile kinachotafutwa, maana wakati mwingine inatosha, na uliza kama kipimo kinaweza kusubiri. Kuna siku jibu litakuwa halisubiri, mtoto yuko hoi, na itabidi ashikwe. Basi ashikwe vizuri, haraka, na mtu anayemjua, akiambiwa kila kinachotendeka.

Damu kidogo puani ikitoka, mwinamishe mbele na ubane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchunguliachungulia. Kumwinua kichwa nyuma kunampelekea damu tumboni, na yale maji ya baridi ya kumwagia utosini yanamlowesha shati tu. Isipokata, mrudishe ndani.

Nguzo

Yule wa veranda hatukumwacha kwenye nguzo. Nesi alikaa chini, kwenye ngazi ya saruji, kimo chake kikawa chini ya kile cha mtoto. "Baba, njoo uone kitu." Hakuja. Nesi hakurudia; akaanza kumweleza bibi, kwa sauti ya kumfikia mtoto, kijiti kitapita hapa, kitafuta huku na huku, kitatoka, mpaka tano tu. Benchi lilikuwa limenyamaza, hata mzee wa ubongo. Mguu ukashuka kwanza. Kisha mkono mmoja.

"Nikae kwa bibi," akasema.

Mama yake akasita kidogo, akasogea pembeni. Waliingia watatu, mlango ukaachwa wazi kidogo, tukasikia bibi akihesabu kwa Kisukuma na mtoto akikoroma "aaa" yenye kilio ndani yake, kisha kikohozi, kisha kimya. Akatoka analia, anapangusa mdomo kwa mkono wa shati, akaenda moja kwa moja kuichukua ndala yake.